Nyota au bendera: unapotia alama, unamaanisha nini?

Mwezi uliopita mpwa wangu alishika simu yangu kunitafutia namba ya fundi bomba. Akafungua WhatsApp, akaingia kwenye meseji zenye nyota, akaanza kushuka. Akashuka, akashuka, mpaka akaniangalia.

"Shangazi, hizi nyota zote ni za nini?"

"Za muhimu."

"Zote?"

Nikamnyang'anya simu nikaziangalia mwenyewe. Namba ya fundi ilikuwemo, kweli. Ilikuwemo pia tokeni ya LUKU ya mwaka juzi, tarakimu 20 ambazo umeme wake friji lilishaumaliza zamani. Sauti ya marehemu mama akinitakia Idi njema. Maelekezo ya kufika kwenye msiba uliokwisha. Mapishi ya visheti. Ahadi ya mwanakikundi mmoja kwamba atarudisha mkopo "Ijumaa bila kukosa", bila kusema Ijumaa ya mwaka gani. Na kontroli namba, ile ya kulipia leseni ya kibanda changu, ambayo muda wake ulikwisha ikiwa imehifadhiwa vizuri kabisa. Hiyo ndiyo iliyoniuma. Niliitia nyota nisiisahau, na nilipokwisha kuitia nyota kichwa kikajiona kimemaliza kazi. Ikabidi niombe nyingine.

Nikakaa nikazihesabu maana zilizokuwa zimejificha nyuma ya alama ile moja, nikapata tano: nakipenda, nitakihitaji tena, sijakifanya, nimeishia hapa, huu ni ushahidi. Simu haikujua tofauti yake, na baada ya wiki mbili hata mimi sikuijua.

Itaondolewa lini?

Programu nyingi hutupa moja ya alama mbili kwa vitu tunavyohifadhi, nyota au bendera, na wachache huipata nafasi ya kuchagua. Hata hivyo zinafanya kazi mbili tofauti. Anayetia nyota anasema kitu hiki kina thamani, nitakirudia. Anayepandisha bendera anasema hapa pana kazi haijaisha. Nyota huwekwa ikae. Bendera hupandishwa ili siku moja ishushwe.

Kwa hiyo mimi sasa hujiuliza jambo moja kabla kidole hakijagusa: hii alama itaondolewa lini? Nikiwa na jibu, hata liwe "nikishalipa" au "akishanijibu", ninachohitaji ni bendera. Nikikosa jibu kwa sababu sitaki iondoke kamwe, kama ile sauti ya mama, natia nyota. Na nikikosa jibu kwa sababu sijui hata ninaihifadhia nini, naiacha ipite. Hizi za mwisho ndizo zilizokuwa nyingi kwenye simu yangu.

Tofauti hii haikuletwa na kompyuta. Bendera nyekundu ufukweni inapandishwa bahari ikichafuka, na ikitulia inashushwa. Ikiachwa mwaka mzima watoto wataogelea chini yake. Kitambaa chekundu kilichofungwa kwenye ncha ya mbao zinazochungulia nyuma ya lori kinafunguliwa mbao zikishushwa. Sasa fungua msahafu. Katika misahafu mingi utaona nyota ya pembe nane ikionyesha mwanzo wa rubu ya hizbu, robo moja kati ya 240 za Qur'ani nzima. Hakuna anayeifuta kwa kuwa amekwisha kuipita. Ramadhani ijayo utaikuta palepale, nayo haikudai chochote. Inakuambia tu kwamba hapa ni mahali. Na kwa Kiswahili tunasema mtu ana nyota, hatusemi ana bendera. Bendera tunajua hufuata upepo.

Gmail na Outlook

Kwenye baruapepe ndiko unakoweza kuzilinganisha uso kwa uso, kwa sababu wakubwa wawili walichagua tofauti.

Gmail, iliyofunguliwa tarehe 1 Aprili 2004, inatumia nyota. Ukiigusa inakuwa ya njano, ukiigusa tena inazimika. Haina tarehe, haina ukumbusho, haina hali ya "imekamilika". Kwenye kompyuta unaweza kuingia kwenye mipangilio ukajiongezea alama nyingine mpaka zifike 12: nyota za rangi 6, na vialama 6 vya namna nyingine kama vile alama ya mshangao nyekundu, alama ya vema ya kijani na alama ya kuuliza ya zambarau. Nimewahi kuzijaribu zote. Siku tatu za kwanza nilijiona mtu mwenye mpango. Siku ya nne sikukumbuka tena bluu nilikubaliana na nafsi yangu kwamba ni nini. Tena kwenye simu huwezi kuweka ila nyota moja, na wengi wetu barua tunazisomea kwenye simu. Chukua mbili kama utazichukua: ya njano ya kukaa, na mshangao mwekundu wa kudaiwa.

Outlook inatumia bendera, na bendera yake imefungwa kwenye saa. Ukiibofya kwa kitufe cha kulia cha kipanya inakuuliza: leo, kesho, wiki hii, wiki ijayo, au bila tarehe. Ukimaliza, huifuti, unaitia vema, na ile vema inabaki kama kumbukumbu kwamba jambo lilifanyika. Barua zenye bendera zinaweza pia kuonekana ndani ya Microsoft To Do, zikiwa zimepangwa pamoja na kazi zako nyingine. Haikuwa hivi tangu mwanzo. Outlook ya 2003 ilikuwa na bendera za rangi 6, kila mtu akijipangia maana. Toleo la 2007 likazitenganisha: rangi zikahamia kwenye makundi, bendera ikabaki na tarehe. Naona walifanya sawa. Rangi inajibu "ni ya nini", tarehe inajibu "ni lini", na alama moja haiwezi kubeba maswali yote mawili bila mtumiaji kuchanganyikiwa.

Kwa hiyo, kama kazi yako ni ya kudaiwa majibu, ofisi ambayo barua ikiingia asubuhi mtu anauliza jioni imefikia wapi, bendera ya Outlook inakufaa kuliko nyota ya Gmail. Kama wewe barua zako ni risiti, tiketi, barua za shule na picha za harusi ambazo utazitafuta mwakani, nyota inatosha. Unaandika is:starred kwenye sehemu ya kutafutia, zinajipanga.

Aliye Gmail na ana jambo lenye tarehe asilitie nyota. Tangu 2018 kuna kitufe cha kuahirisha, kile chenye picha ya saa: barua inatoka mbele yako na kurudi juu kabisa siku na saa uliyoichagua. Hiyo ndiyo bendera ya Gmail, ila haikupewa jina hilo. Laiti ile kontroli namba ingekuja kwa baruapepe nami nikaiahirisha mpaka tarehe ya mshahara.

Watumiaji wa iPhone wana bendera za rangi 7 kwenye programu ya Mail, bila tarehe ndani yake. Ni bendera kwa sura, lakini kwa tabia ziko karibu zaidi na nyota.

Kumbe chini ni kitu kimoja

Hapa pana jambo linalowachanganya watu wenye simu ya aina moja na kompyuta ya aina nyingine. Umetia nyota kwenye Gmail, ukifungua barua zilezile kwenye Mail ya iPhone unakuta bendera. Ukifungua Thunderbird, programu nyingine ya barua, nyota tena. Hujarogwa. Utaratibu ambao programu hizi hutumia kusomeana barua zilizo kwenye seva unaitwa IMAP, uliobuniwa na Mark Crispin mwaka 1986, na ndani yake kuna alama moja tu ya kazi hii. Kila programu inaivalisha nguo inayoitaka.

Kinachonifurahisha ni maelezo yake. Waraka wa kanuni wa mwaka 2003 unasema alama hiyo ni ya ujumbe unaohitaji "udharura/uangalizi wa pekee". Huo mkwaju uliopo katikati ndio ugomvi wetu wote. Udharura ni bendera, uangalizi wa pekee ni nyota, na waandishi wa kanuni wakaziweka kwenye chungu kimoja wakaendelea na safari. Matokeo yake kwako ni haya: ukitumia programu mbili tofauti kwa sanduku moja la barua, usitegemee kwamba rangi au tarehe ulizoweka huku zitaonekana kule. Itakayovuka kwa uhakika ni ile alama yenyewe, ipo au haipo.

WhatsApp: nyota, pini, na skrinshoti

Kwa wengi wetu hapa ndipo maisha yalipo, na hapa bendera haipo kabisa. Kuna nyota, na tangu Desemba 2023 kuna pini ya meseji. Watu huzitumia kama mapacha. Si mapacha.

Nyota ni siri yako. Uliyemtilia nyota haarifiwi, na kundi halioni. Meseji inaingia kwenye orodha moja inayokusanya chati zote, ndiyo maana kwangu visheti vilikaa jirani na msiba. Ukitaka kufuta chati, WhatsApp inakuuliza kama zenye nyota nazo zifutwe, kwa hiyo ni ngao nzuri kwa mtu anayesafisha simu kila nafasi ikijaa. Kwa vitu vya kukaa, kama namba ya akaunti ya kikundi, jina kamili la mtoto kama lilivyo kwenye cheti, au sauti ya mzazi, sijaona kinachoishinda.

Pini ni ya wote. Inakaa juu ya chati, kila aliyemo anaiona, na ukiiweka lazima uchague muda: saa 24, siku 7 au siku 30. Muda ukiisha inashuka yenyewe. Ina mwisho, inaonekana, inasumbua kidogo kila unapopita. Kwa tabia zote hizo pini ndiyo bendera ya WhatsApp. Tarehe ya kikao, namba ya kupokelea michango, mahali basi litakapowakuta wasindikizaji, vyote ni vya pini. Kuvitia nyota ni kujifaidisha peke yako, halafu watu 60 waendelee kukuuliza "kikao saa ngapi?" Na katika kundi, msimamizi anaweza kuamua kama kila mtu aruhusiwe kuweka pini au wasimamizi tu. Kwa makundi ya ukoo nashauri wasimamizi tu. Anayejua, anajua.

Ile maana ya tano, ushahidi, ndiyo inayowaponza watu. Mtu ameandika atalipa, nawe unatia nyota ukijua umemkamata. Nyota haimzuii kuifuta. Kwa takriban siku 2 na nusu baada ya kutuma, mwandishi anaweza kuifuta meseji kwa wote, na nyota yako itabaki bila kitu chini yake. Hali ni nyingine tena kwenye chati ambazo meseji zimewekwa zitoweke: huko kuna kitufe cha kubakiza meseji, kilicholetwa 2023, lakini mwandishi anaarifiwa na ana haki ya kukataa. Kwa hiyo unayemwandikia mkopo, piga skrinshoti siku hiyohiyo, jina, namba na tarehe vikionekana, halafu ndiyo ufikirie nyota.

Na ya nne, "nimeishia hapa"? Kwa mawaidha marefu ya sauti au makala niliyotumiwa nikiwa kwenye daladala, nimeacha kutia alama yoyote. Nayatuma kwenye chati yangu mwenyewe, ile ya kujiandikia iliyokuja mwishoni mwa 2022. Wenye Telegram walitangulia na hifadhi yao ya meseji. Ukiyatuma kwako unaweza kuongeza mstari chini yake, "dakika ya 14", na huo mstari unabeba maana kuliko nyota yoyote.

Ramani, kitabu cha namba, mtihani

Mahali pekee ninapojua ambapo nyota na bendera vimewekwa bega kwa bega katika programu moja ni Google Maps. Ukihifadhi mahali unapewa orodha zilizo tayari, zikiwemo hizi: moyo kwa pale unapopapenda, bendera ya kijani kwa pale unapotaka kwenda, na nyota ya njano kwa pengine popote. Mgawanyo ni safi, na bendera imepewa kazi yake halisi: bado sijafika. Kasoro ni kwamba ukifika bendera haishuki yenyewe. Usipoihamishia kwenye moyo, baada ya miaka ramani inakuwa ya kijani tupu, hujui wapi umekula na wapi umetamani tu.

Kwenye kitabu cha namba cha Android nyota ina meno. Mtu uliyemtia nyota anaingia kwenye vipenzi, na simu ikiwa katika hali ya Usisumbue unaweza kuruhusu wenye nyota peke yao wapenye. Huko usigawe nyota kwa mapenzi. Wape wale ambao wakikupigia saa nane za usiku utataka kuamka.

Wanafunzi wanaofanya majaribio kwenye Moodle, mfumo wa masomo ya mtandaoni ambao vyuo vingi vinautumia, wana bendera kando ya kila swali. Hiyo ni bendera isiyo na utata: nitarudi kabla muda haujaisha. Ukiwa umebaki na bendera kumi na dakika mbili, bendera imefanya kazi yake. Wewe ndiye hujafanya.

Alama inapoonwa na wengine

Mpaka hapa, ukiacha pini, tumezungumzia alama za faragha. Zikitoka hadharani maana zinageuka. Twitter ilikuwa na nyota ya "kipenzi" kwa miaka, na watu waliitumia kila mtu na lake: huyu anahifadhi kiungo akisome baadaye, yule anamwambia mwandishi "nimekuona", mwingine anamaliza mazungumzo kwa adabu bila kujibu. Tarehe 3 Novemba 2015 nyota ikabadilishwa ikawa moyo. Waliokuwa wakiitumia kama kabati wakaona aibu: utaupaje moyo habari ya ajali unayotaka kuisoma vizuri jioni? Kabati la faragha lilikuja Februari 2018. Kwa zaidi ya miaka miwili alama moja ilitakiwa kuwa pongezi na hifadhi kwa pamoja, na haikuweza.

Bendera hadharani ni mbaya zaidi kuikosea. Kwenye YouTube picha ya bendera ni kitufe cha kuripoti. Mama mmoja tunayesali naye alikuwa akibonyeza bendera kwenye kila mawaidha aliyoyapenda, akidhani anayahifadhi, mpaka mwanawe alipomwambia amekuwa akimshtaki sheikh.

Nikipewa alama moja tu

Programu nyingi hazitakupa zote mbili. Hapo unaamua mwenyewe, na ukishaamua usibadilishe katikati. Mimi nimeamua hivi: kwenye WhatsApp nyota ni ya vitu vya kukaa, basi. Chochote chenye tarehe kinatoka mle na kwenda kwenye kengele ya simu kwa maneno kamili, "lipa leseni, namba iko kwenye chati yangu". Tokeni ya LUKU haipewi kitu. Naiingiza kwenye mita palepale. Kwenye baruapepe nimefanya kinyume, kwa sababu risiti za baruapepe nazipata kwa kutafuta jina la muuzaji. Huko nyota ni deni, na Jumamosi asubuhi haitakiwi kubaki hata moja.

Ukifuata njia hii angalia pia mwenye duka. Nyota inakaa kwenye programu, na programu ikifungwa inaondoka nayo. Google Reader, ya kusomea habari za tovuti, ilifungwa tarehe 1 Julai 2013, na Pocket, ya kuhifadhi makala, tarehe 8 Julai 2025, na kila mara walikuwepo watu wenye miaka ya nyota waliopewa miezi michache tu ya kuhamisha mizigo. Kitu ambacho hungependa kukipoteza, kipakue.

Siku ile na mpwa wangu tulizipunguza nyota zikabaki 11. Tokeni, msiba na kontroli namba vilikwenda. Mama alibaki, na visheti. Ile ahadi ya Ijumaa niliivua nyota. Kwa kuwa iliandikwa ndani ya kundi letu, nikaipini huko kwa siku 30.

Siku ya tatu mwenyewe akanipigia. "Mama mhazini, shikamoo. Hiyo pini naomba uishushe, watu wanaiona."

Nikamwambia itashuka yenyewe tarehe 28, ila wapo wanaoweza kuishusha mapema zaidi kwa kulipa.

Ilishuka Alhamisi.